Kadi Nne Yatima

Bibi aliyeingia kituoni asubuhi ile alikuja na mkoba wake mwenyewe wa kwendea mahabusu. Ndani mlikuwa na taulo, mswaki, gauni la kulalia na miwani ya akiba. Aliuweka juu ya kaunta, akaulaza mkono juu yake, akasema, "Nimekuja kufungwa. Lile daftari la maktaba nimelichukua mimi."

Koplo wa kaunta, mama mmoja aliyekwisha kuona wezi wa kila rangi, alimtazama bibi, akautazama mkoba, akamtazama bibi tena. Kisha akafanya la maana: akamletea kiti, akaenda kumwita Inspekta.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, magoti yake yakimlalamikia kila ngazi, na alikuwa na kasoro moja iliyowaudhi wakubwa zake wote: hakuwa na haraka. Jalada la daftari lilikuwa mezani kwake tangu Jumatatu. Leo Jumatano, na simu zilikuwa zimeshaanza.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Maktaba ya mji ilikuwa na daftari moja lililoandikwa kwa mkono na mkunga aliyezalisha wanawake wa mji ule kwa miaka arobaini. Kila mtoto alimwandika: siku, saa, hali ya hewa, na neno la kwanza alilolisema mama yake alipomwona. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja. Wiki iliyopita mjukuu wa mkunga akaenda kuliomba alisome. Kabati la vitabu adimu halikuwa nalo. Kompyuta mpya ya maktaba, ilipoulizwa, ikajibu kwamba kitabu hicho hakijapata kuwapo. Mkutubi Mkuu akaripoti wizi, na mshukiwa akamtaja mmoja tu: mwanamke aliyeshika ufunguo wa kabati lile mpaka alipostaafu miaka kumi na moja iliyopita, baada ya kutengeneza orodha ya vitabu vya maktaba ile tangu usichana wake. Kila mtu alimwita Bi Kadi.

Na Bi Kadi ndiye huyu hapa, kakaa wima kitini, miguu haigusi sakafu vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sahihi naweka wapi?"

"Polepole. Chai kwanza." Inspekta alivuta kiti. "Ulilichukua lini?"

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Kabla sijastaafu."

"Sasa liko wapi?"

"Nimelichoma."

"Wapi?"

"Jikoni kwangu."

"Jiko la nini?"

"La gesi."

"Kurasa mia tatu na jalada la ngozi, kwenye jiko la gesi?"

Bi Kadi alifikiri kidogo. "Kidogo kidogo," akasema.

Inspekta aliandika 'kidogo kidogo', akauma mdomo wa chini asije akacheka mbele ya mtuhumiwa. "Na kwa nini, mama?"

"Uzee, mwanangu. Uzee unamfanyia mtu mambo."

Hapo kicheko kilimkauka Inspekta. Maneno yote ya bibi yalikuwa ya kubuni, lakini hayo ya uzee yalitoka mahali pengine kabisa. Aliyapigia mstari.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Na yule msichana wangu hahusiki na lolote. Andika hivyo. Andika kwa herufi kubwa."

"Msichana gani?"

"Mkuu wa katalogi wa sasa. Nimemfundisha kazi mimi. Ni mtoto safi."

"Mbona hakuna mtu aliyemtaja, mama?"

Bi Kadi alikamata mkoba wake kwa mikono miwili. Hakusema tena hata alipoongezewa sukari.

Nje ya mlango Inspekta alimwambia Koplo, "Usimwingize ndani. Mkalishe hapo na wewe, mpigie soga. Akiuliza anafungwa lini, mwambie tunatafuta ufunguo."

*

Mkutubi Mkuu alimpokea Inspekta kwenye ngazi za maktaba. Alikuwa bwana mwembamba, viatu vinang'aa, na aliongea kama mtu aliye mbele ya kipaza sauti hata akiwa anaongea na mtu mmoja.

"Nimesikia amekiri. Basi hilo limekwisha. Unajua Ijumaa tunazindua mfumo mpya, wageni wanakuja, na asubuhi hiyo hiyo gari linakuja kuchukua ile mitambo ya zamani. Nisingependa siku hiyo iwe na doa."

"Likiisha nitakuambia," Inspekta akasema, akapanda.

Chumba cha katalogi kilikuwa ghorofa ya pili, kirefu, kina madirisha upande mmoja. Mkuu wa katalogi, mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, alisimama haraka mno alipomwona mgeni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala siku mbili. Pembeni, kwenye kompyuta moja nene ya zamani, alikaa fundi mitambo: jitu la watu, kipara, bisibisi mfukoni, na uso wa mtu anayependa mzaha.

"Nionyesheni kadi za zamani," Inspekta alisema.

Makabati ya kadi yalikuwa yamesukumwa kwenye korido ya kwendea vyooni. Droo sitini, kila moja na kishikio cha shaba, na ndani ya kila droo fimbo ya chuma imepita kwenye matundu ya kadi zote ili zisimwagike. Inspekta alizijua. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitafutia vitabu humo: ukijua jina la mwandishi utatafuta kwa jina, ukijua jina la kitabu utatafuta kwa jina la kitabu, usipojua chochote utatafuta kwa jambo lenyewe.

Alivuta droo ya waandishi, akapekua mpaka kwenye jina la mkunga. Kadi haikuwapo.

"Labda zilipotea wakati wa kuhamisha makabati," mkuu wa katalogi alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Inspekta alivaa miwani, akainama, magoti yakalia. Kwenye fimbo, katikati ya kadi mbili zilizogeuka rangi ya chai, palining'inia kipande kidogo cha karatasi nene chenye nusu ya tundu. Pale kilipochanika palikuwa peupe.

"Hii imenyofolewa," alisema. "Na imenyofolewa juzi juzi. Ingekuwa ni ya miaka kumi na moja, mchaniko wake ungekuwa umefifia kama ndugu zake hawa." Akaigusa ile fimbo mbele, ilipo skrubu yake. "Tena kanyofoa mtu asiyejua kwamba hii inafunguka. Unazungusha hapa, unaichomoa, kadi inatoka nzima."

"Mimi nilianza kazi kadi zimeshafungwa," mkuu wa katalogi alisema. "Sijapanga hata moja."

"Sijakuuliza, dada."

Kisha Inspekta alikwenda droo ya majina ya vitabu. Kadi ya daftari ilikuwapo. Akaenda droo za mambo. Chini ya 'Wakunga', kadi ipo. Chini ya 'Uzazi', ipo. Chini ya 'Maandishi ya mkono', ipo, imepigwa taipu vizuri, hata nukta haijakosewa. Aliyeiondoa ile ya kwanza alikuwa ameacha nne nyuma yake, kila moja ikipiga kelele kwamba kitabu hiki kipo.

Alizihesabu mara mbili, akaandika kwenye kijitabu chake: 'Nne.' Akasimama hapo koridoni kitambo, watu wakimpita kwenda vyooni.

*

"Sasa nieleze hii kompyuta," alimwambia fundi mitambo. "Ule mfumo mpya unasema kitabu hakijapata kuwapo. Huu wa zamani unasemaje?"

"Huu mzee?" Fundi alipapasa kile kisanduku begani. "Huu hausahau, Inspekta. Muundo wake wa data ni wa enzi kompyuta zilipohifadhi kumbukumbu kwenye tepu, una miaka hamsini na ushee. Sura hana, lakini akili anayo."

"Na ule mpya?"

"Ule una rangi."

Hata mkuu wa katalogi alicheka, kidogo, bila kutaka.

Fundi alifungua rekodi ya daftari. Kioo kilijaa tarakimu na herufi zilizobanana bila mistari. Akaweka kidole chake kinene mwanzoni. "Ona hapa. Kila rekodi kabla ya kusema lolote inajitaja urefu wake. Tarakimu tano za kwanza. Hii inasema herufi mia nane sabini na moja. Halafu inafuata orodha ya mafungu: fungu namba fulani, urefu wake kadhaa, linaanzia mahali fulani. Fungu la jina la mwandishi, fungu la jina la kitabu, hivyo hivyo. Ndipo maneno yenyewe yanakuja."

"Kwa nini ijitaje urefu?"

"Tepu ilikuwa inasoma mbele tu, hairudi nyuma. Lazima ijue mapema inapokea mzigo kiasi gani. Kimoja kikipungua njiani, unajua hapo hapo."

"Basi hesabu."

"Nini?"

"Herufi. Imesema mia nane sabini na moja. Nihesabie kama zimo."

Fundi alicheka, akaandika amri fupi, akabonyeza. Kicheko kikakatika. "Mia saba hamsini na saba."

"Hesabu tena."

"Kompyuta haikosei kuhesabu, Inspek..."

"Hesabu tena, kaka."

Mia saba hamsini na saba. Inspekta alifanya hesabu kwa penseli kwenye ukingo wa karatasi. Zilipungua mia moja na kumi na nne. Fundi akapitisha kidole kwenye orodha ya mafungu mpaka kikasimama. Fungu namba mia tisa arobaini na tano. Urefu: mia moja na kumi na nne. Wakaenda mahali lilipotakiwa kuwa. Hapakuwa na kitu.

"Mia tisa arobaini na tano ni fungu la nini?"

Mkuu wa katalogi ndiye aliyejibu. Alikuwa amesogea karibu bila kujua, kazi imemvuta. "Mafungu ya mia tisa ni ya kwetu wenyewe. Waliotunga muundo waliacha nafasi, kila maktaba iandike mambo ya nyumbani kwake. Sisi humo tuliandika kitabu kilipo, kama hakikai rafuni."

Inspekta aliliandika hilo.

"Kwa hiyo," Inspekta alisema, "palikuwa na maneno yanayosema daftari liko wapi, na mtu kayafuta. Nani ana ruhusa ya kuligusa faili hili?"

Fundi alijifuta kipara kwa kiganja. Hakuna aliyemwangalia, na hilo ndilo lililomtoa jasho zaidi. "Mimi," alisema. "Mimi peke yangu. Lakini Inspekta, daftari la mkunga mimi nilipeleke wapi?"

"Sijasema umelipeleka. Tafuta rekodi nyingine zenye shimo kama hili."

Alitafuta. Ilichukua dakika tatu. Jibu lilipokuja fundi alilisoma kwa sauti ya chini. "Mia mbili na kumi na mbili."

"Zote ni mafungu ya mia tisa?"

"Zote."

Inspekta alivua miwani, akaketi kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mwizi anachagua," alisema. "Hakuna mwizi anayefuta vitabu mia mbili ili aibe daftari moja la mkunga. Huyu aliyefuta hakuwa anachagua. Alikuwa anafagia. Kumbuka vizuri, kaka, mwezi huu umefagia nini?"

Fundi akajipiga kofi la paji la uso, likasikika mpaka koridoni. "Lo! Mungu wangu. Ni mimi." Ikamwagika yote. Mfumo mpya ulikuwa hauyataki mafungu ya mia tisa. Waliouuza wakamwambia ayaondoe tu. Akaandika programu ndogo ya kuyaondoa maneno, ikapita faili zima kwa sekunde arobaini, na hakukumbuka kurekebisha zile tarakimu za urefu. Mfumo mpya ulipopokea rekodi inayosema ina herufi mia nane na kumbe ina mia saba, ukaikataa. Ukazitupa zote mia mbili na kumi na mbili. "Ukanipa na ripoti ya makosa, kurasa nane. Nikaisaini bila kuisoma."

"Faili la kabla ya kufagia?"

"Niliandika juu yake." Alikuwa kama mtu anayetaka sakafu imfunike. "Nilikuwa naona ni takataka za zamani, Inspekta. Wallahi sikujua kuna maneno ya mtu humo ndani."

Inspekta aliitazama ile namba tena. "Hayo mashimo mengine yana urefu gani?"

"Ishirini. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Ni namba za kabati na sanduku tu."

"Na hili mia moja na kumi na nne." Aligonga kioo kwa kucha. "Kutaja sanduku ni herufi ishirini. Hapa kuna mtu alikuwa anazungumza."

Mkuu wa katalogi alishika ukingo wa meza. "Tepu," akasema. "Kila mwaka Bi Kadi alikuwa anatuma nakala ya orodha yetu yote maktaba ya mji wa jirani, nao wanatuma yao. Wengine walikuwa wanayakata mafungu yao ya nyumbani kabla ya kutuma. Yeye alikataa. Alikuwa anasema ukishaanza kupunguza, hujui utakachokipunguza."

Walipiga simu. Upande wa pili alipokea mzee mwenye kikohozi na furaha tele. Bi Kadi? Bado yu hai? Mwambieni tepu zake ninazo zote, nilishazihamishia kwenye kompyuta, sijatupa hata moja!

"Za miaka kumi na moja zitasomeka?" Inspekta aliuliza.

"Dada yangu, nasoma za miaka thelathini. Kama urefu unalingana, inasomeka. Nipeni nusu saa."

*

Inspekta alimwomba fundi akachukue chai. Mlango ulipofungwa alimgeukia mkuu wa katalogi, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe ile kadi."

Mwanamke yule hakubisha. Alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa cha mkononi kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kitambaa ile kadi ya mwandishi, imechanika upande wa chini. Nyuma yake, chini ya mistari minne ya herufi na namba za droo, paliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko mdogo uliosimama: 'Nimelitoa rafuni. B.K.' na tarehe. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Bi Kadi kazini.

"Nilipoiona nikajua watamkamata Bi Kadi," alisema, na machozi yakaanza kwenda yenyewe. "Anasahau, Inspekta. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniuliza namaliza shule lini. Nikajua alilichukua na hakumbuki. Nikasema kama kadi haipo, hakuna atakayeuliza. Jumatatu jioni nikaenda kwake, nikamwambia mama, wakija polisi kuuliza daftari la mkunga, wewe sema hujui. Hata sikumweleza kwa nini. Nililia tu, nikaondoka."

"Ulimlilia."

"Alinishika mkono kazini nikiwa sijui hata kuwasha kompyuta. Nilipofiwa na mama yangu, yeye ndiye aliyekaa na mimi. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi," Inspekta alisema, lakini bila ukali. "Sasa sikia ulichokifanya. Bibi yule hajui kama daftari alilichukua au la. Anakuja mtoto wake jioni, analia, anamtajia polisi. Yeye amekaa, amefikiri, amejua mtoto amefanya kosa. Leo asubuhi kafunga mswaki na taulo, kaja kujifungisha kwa niaba yako."

Mkuu wa katalogi alijifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Inspekta alimwacha alie. Alikuwa na kitambaa, akampa.

*

Koplo alimleta Bi Kadi saa nane mchana, akimshikia mkoba wake. Inspekta alimpokea pale pale koridoni, mbele ya makabati. Mkutubi Mkuu alikuja pia, na fundi, na mkuu wa katalogi akasimama nyuma ya wote.

"Mama, kabla sijakufunga nataka maelezo yakamilike," Inspekta alisema. "Ulilichukua daftari, ukaja hapa ukaondoa na kadi yake."

"Ndiyo."

"Hivi." Akamwonyesha kile kipande kwenye fimbo. "Ulinyofoa."

Bi Kadi alikikodolea macho. "Nani kanyofoa?"

"Wewe, mama. Ukaiondoa ya mwandishi. Halafu ya jina la kitabu ukaiacha, na ya Wakunga ukaiacha, ya Uzazi, ya Maandishi ya mkono. Zote nne umeziacha droo­ni."

"Mimi?" Bibi alisimama wima, akawa mrefu kuliko alivyokuwa. "Mimi nitoe kadi mama niwaache watoto wake wanne yatima? Nyuma ya kila kadi mama nimeandika watoto wako droo gani na gani, miaka arobaini na miwili, ili ukitoa mmoja utoe wote! Nenda kaangalie droo yoyote! Mwizi naweza kuwa, lakini mchafu wa kazi, hapana. Hiyo siikubali, hata mniweke ndani mwaka mzima!"

"Basi hukutoa kadi."

"Sikutoa!"

"Na daftari hukulichoma."

"Nani achome dafta..." Akasita. Akamtafuta mtu kwa macho, akampata nyuma ya watu, akaona uso wake. Ule urefu wote ukamtoka, akajishikiza kwenye kabati. "Basi ni mimi niliyelipoteza," alisema polepole. "Nalikumbuka mikononi. Uzi wa jalada ulikuwa umekatika, kurasa zinatoka. Nikalitoa rafuni. Baada ya hapo, mwanangu, hakuna kitu. Nimekaa siku mbili natafuta kichwani, hakuna kitu. Watoto wa mji mzima wamo mle, nami sijui nimewaweka wapi."

Mkutubi Mkuu alitazama viatu vyake.

"Hukuwapoteza, mama," Inspekta alisema. Alitoa karatasi aliyoichapisha fundi robo saa nyuma, kutoka kwenye faili la yule mzee wa kikohozi. "Hii ni rekodi yako. Ilikaa kwenye tepu mji wa jirani. Imesema ina herufi mia nane sabini na moja, na zimo mia nane sabini na moja. Nikusomee fungu la mia tisa arobaini na tano?"

Bi Kadi aliitikia kwa kichwa.

Inspekta alivaa miwani. Akasoma polepole. "'Daftari limo kwenye sanduku la kijivu, chini ya meza ya kushonea. Nikiulizwa nikawa nimesahau, nisomewe hapa.'"

Bibi alisogelea ile karatasi.

"Nisomee tena."

Akamsomea tena.

"Nilijua," Bi Kadi alisema. "Kumbe nilikuwa nimeshaanza kujua." Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa jamaa aliyedhani hamkumbuki.

Chumba cha kushonea vitabu kilikuwa mwisho wa korido. Chini ya meza palijaa mabaki ya vitambaa vya majalada, na chini ya mabaki sanduku la kijivu. Fundi mitambo alilala kifudifudi na kipara chake kulivuta. Daftari lilikuwa ndani ya karatasi safi, limefungwa kwa utepe, na juu yake sindano na uzi wa kulishonea, vinasubiri. Inspekta alifungua ukurasa mmoja, popote tu. 'Alhamisi, alfajiri, mvua ya rasharasha. Wa kike. Mama yake alisema: Kumbe ni wewe.' Akalifunga taratibu, wakarudi koridoni.

"Ile mashine ya zamani ni kielelezo cha polisi," alimwambia Mkutubi Mkuu. "Gari la Ijumaa lirudi tupu, mpaka rekodi mia mbili na kumi na mbili zirudi mahali pake. Na mjukuu wa mkunga umpigie simu wewe mwenyewe. Leo."

"Na kesi?"

"Kesi gani? Hapa naona kadi moja imechanika." Aliichukua ile kadi, akaiweka mbele ya bibi.

Bi Kadi aliigeuza, akapitisha kidole pale ilipochanika, akamtazama mkuu wa katalogi. Hakuuliza. Alivuta viti viwili kando ya kabati. "Njoo ukae," alisema. "Leta kadi mpya na penseli. Leo nitakufundisha kutoa fimbo."

Wakakaa bega kwa bega pale koridoni, kichwa cheupe na kichwa cheusi, mmoja akitaja droo za watoto, mwingine akiziandika nyuma ya kadi mpya: Wakunga, Uzazi, Maandishi ya mkono. Inspekta alikuwa ameshashuka ngazi tatu Koplo alipokumbuka alichokishika mkononi, akarudi nacho.

"Mama, mkoba wako huu."

Bi Kadi alifungua zipu. Akaona taulo, mswaki, gauni la kulalia, miwani ya akiba. Aliviangalia kimoja kimoja, na wasiwasi ukapita usoni mwake.

"Nilikuwa nasafiri?" aliuliza. "Nilikuwa nakwenda wapi?"

Mkuu wa katalogi aliweka penseli chini. Aliufunga mkoba, akauweka kando ya kiti chake mwenyewe.

"Ulikuwa unakuja kukaa kwangu, mama," akasema. "Tumalize hii ya nne, twende."